Unahesabu Kalori, Chupa Anahesabu Nani?

Ijumaa moja mwaka jana, mvua imenyesha na Naivasha Road imekwama kuanzia Dagoretti Corner hadi Kawangware, niliingia kwenye baa moja hapa Riruta Satellite na kumwambia mhudumu, "Siz, leo nipe lite. Niko kwa daiti." Nilisema kwa sauti ili wenzangu wasikie. Nikajipigapiga kitambi kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Meza ikacheka. Kufikia saa nne usiku nilikuwa nimemaliza chupa sita, nimesaidia kumaliza nusu kilo ya mbuzi, na nikiwa njiani kurudi kejani nikasimama kwa jamaa wa smokie pasua nikala mbili. Asubuhi niliamka na kichwa kizito na dhamiri nyepesi. Si nilikunywa lite?

Sikuandika haya kukuhubiria. Mimi hunywa, na kuna uwezekano nitakunywa tena wikendi hii. Lakini kuna uongo mmoja mdogo ambao kizazi chetu kimejizoesha kujidanganya nao, na nimeona unakokwenda ukiachwa ukue. Nitausema mapema ili anayetaka kuhama ahame sasa: kuchagua pombe kwa kuangalia kalori ni kuhesabu kitu kisichofaa. Cha kuhesabiwa ni kilevi chenyewe. Na huku kwetu hesabu hiyo mbaya inatutoa kwenye bia na kutupeleka kwenye pombe kali, tumbo likiwa tupu, huku ushuru wa serikali ukitusindikiza hadi mlangoni.

Tuanze na hesabu. Gramu moja ya wanga au sukari ina kalori 4. Gramu moja ya mafuta ina 9. Gramu moja ya kilevi ina 7. Yaani kilevi, kwa kunenepesha, kiko karibu na samli kuliko sukari. Sasa chukua Tusker ya kawaida, mililita 500, kilevi asilimia 4.2 kama lebo inavyosema. Ndani yake mna mililita 21 za kilevi halisi, ambazo ni gramu 16 na nusu hivi, na hizo peke yake ni kalori 116. Ukiongeza wanga uliobaki kwenye bia, chupa nzima inafika kama kalori 200. Zaidi ya nusu ya kalori unazozikimbia, basi, zimo kwenye kile kile kitu ulichokuja kukitafuta baa. Huwezi kukiondoa ukabaki na sherehe.

Ukiitazama historia ya bia nyepesi, utaona ujanja ulipo. Miaka ya 1960 mwanakemia mmoja Mmarekani, Joseph Owades, akiwa katika kampuni ya Rheingold kule New York, alitafuta njia ya kumaliza wanga unaobaki kwenye bia. Hamira hula sukari na kutoa kilevi, lakini kuna wanga mwingine mzito ambao haiwezi kuuvunja. Owades akatia kimeng'enya cha kuuvunja uwe sukari, hamira ikala yote. Bia iliyopatikana ilikuwa na wanga kidogo sana. Mwaka 1967 ikauzwa kwa jina la Gablinger's, ikatangazwa kama bia ya watu wa daiti, na ikaanguka vibaya. Hakuna mwanamume aliyetaka kuonekana akinywa dawa ya kupunguza mwili.

Baadaye kampuni ya Miller ikalichukua wazo hilohilo, ikaachana na habari za daiti, ikaweka wanamichezo wastaafu kwenye matangazo, na mwaka 1975 ikaisambaza Marekani nzima kama Miller Lite. Safari hii ujumbe ulikuwa kwamba bia hii haikujazi. Fikiria hapo kidogo. Bia isiyokujaza ina faida gani kwa anayeiuza? Faida yake ni kwamba unaweza kuagiza nyingine. Na chupa ya Miller Lite ya mililita 355 ina kalori 96, ambazo takriban 82 zinatoka kwenye kilevi. Wametoa karibu kila kitu isipokuwa kile kinachokulevya. Hawakukudanganya. Ni wewe uliyesikia "lite" ukaelewa "bure".

Turudi Satellite. Tusker Lite na White Cap Lite ziko kwenye friji za baa zetu, na mara nyingi chupa ni ile ndogo ya mililita 330. Chupa ya ukubwa huo, ikiwa na kilevi cha asilimia 4, ina mililita 13 za kilevi na kitu, na kalori kama 90. Ukiilinganisha na Tusker kubwa yenye 200 unaona umeokoa zaidi ya nusu, na unajipigia makofi. Lakini sehemu kubwa ya akiba hiyo imetoka kwenye udogo wa chupa. Ungekunywa Tusker ya kawaida ukaachia theluthi moja mezani ungekaribia mahali palepale. Tatizo ni kwamba hakuna anayeacha theluthi mezani. Zangu zilikuwa sita. Sita mara 90 ni kalori 540, na mililita 79 za kilevi. Zamani, kabla sijajua neno kalori, nilikuwa nikinywa Tusker kubwa tatu na kwenda nyumbani: kalori 600, mililita 63 za kilevi. Kwa hiyo daiti yangu iliniokolea kalori 60, ambazo smokie ya kwanza ilizimeza, na ikanilewesha zaidi kuliko mazoea yangu ya zamani. Na nililipa pesa zaidi, kwa sababu chupa ndogo haijawahi kuwa bei ndogo kwa kiasi kilekile.

Hiyo ndiyo sehemu ya kuchekesha. Kuna sehemu isiyochekesha.

Lite ni ya mwenye mshahara. Vijana wengi hapa mtaani hawakai baa, wanakaa base, na base inanunua pale kwenye vibanda vya nondo dirishani vilivyoandikwa Wines and Spirits, ambavyo sasa viko vingi kuliko vibanda vya mboga. Huko hesabu ya kalori imefika pia, kupitia simu. Kila siku kuna video ya mtu mwenye tumbo kama ubao wa kufulia akieleza kwamba bia ni mkate wa kunywa, kwamba soda ni sumu, na kwamba mtu mwerevu anakunywa jini au vodka na maji ya gesi na ndimu, kwa sababu haina wanga wala sukari. Kila neno la mtu huyo ni kweli. Pombe kali iliyokenekwa haina wanga. Toti moja ya mililita 30 yenye kilevi cha asilimia 40 ina kalori kama 66 tu.

Lakini nani Riruta ananunua toti? Kile kibanda kinauza kota, mililita 250. Kinauza nusu, kinauza mzinga. Kota moja ya asilimia 40 ina mililita 100 za kilevi halisi, na kalori zake ni kama 550. Sasa weka mezani vitu viwili: Tusker kubwa tatu, na kota moja ya jini na maji. Kwa kalori, umeokoa 50, ambazo ni kama nusu ndizi. Kwa kilevi, umetoka mililita 63 ukafika 100. Umeongeza zaidi ya nusu ya ulichokuwa ukinywa ili kuokoa nusu ndizi. Na kwa kuwa haijazi, unaimaliza kabla ya mechi kufika nusu ya kwanza.

Hapo ndipo serikali inapoingia, na sidhani ilikuwa inafikiria kitambi cha mtu. Kuanzia Desemba 2024, sheria ya ushuru ilibadilika: pombe haitozwi tena kwa lita ya kinywaji bali kwa sentilita ya kilevi halisi kilichomo. Wazo zuri, ukilisikia mara ya kwanza. Kilevi kingi, ushuru mwingi. Ila viwango ni viwili. Bia na vinywaji vingine visivyozidi asilimia 6 vinatozwa Sh22.50 kwa kila sentilita ya kilevi. Pombe kali inatozwa Sh10. Soma tena. Kilevi kilekile, kikiwa kwenye chupa ya bia kinalipiwa zaidi ya mara mbili kuliko kikiwa kwenye kota.

Fanya hesabu. Tusker yako ya mililita 500 ina sentilita 2.1 za kilevi, kwa hiyo ushuru wake ni Sh47 na senti. Ili upate sentilita 10 za kilevi kwa bia, utanunua chupa karibu tano, na ushuru pekee utakuwa Sh225. Sentilita hizohizo 10 kwenye kota zinalipiwa Sh100. Hiyo ni kabla ya VAT na faida ya kila mkono uliopitia. Kwa hiyo kijana wa Satellite mwenye mia tatu mfukoni anasikia sauti mbili zikimwambia neno moja. Simu inamwambia jini haina wanga. Bei inamwambia jini inalewesha haraka kwa pesa kidogo. Ukimwona amesimama kwenye lile dirisha la nondo, usiseme amekosa nidhamu. Ameongozwa.

Na bei huongoza kweli, si nadharia. Mwaka 2004 Senator Keg ilipoletwa, serikali iliiondolea ushuru makusudi ili mnywaji wa chang'aa apate bia anayoweza kuilipia, naye akaja. Mwaka 2013 serikali ikarudisha nusu ya ushuru, mauzo yakaporomoka, na mnywaji akarudi gizani. Mwaka 2015 wakailegeza tena. Wanaopanga ushuru wanajua vizuri kabisa kwamba shilingi ishirini inaweza kuhamisha mtaa mzima kutoka kinywaji kimoja kwenda kingine.

Sasa niseme kilichonifanya niandike.

Binamu yangu, binti ya shangazi, anaishi Kabiria. Ana miaka 24, anasuka nywele, na ndiye mtu anayecheka kwa sauti kubwa kuliko wote katika ukoo wetu. Mwaka jana rafiki yake alimchagua awe mmoja wa wasimamizi wa harusi. Magauni yalikuwa yameshonwa tayari, na lake lilikuwa likimbana kiunoni. Zilibaki wiki mbili. Akaanza kuruka chakula cha jioni, kisha cha mchana. Nilijua, na sikusema kitu, kwa sababu katika mtaa huu msichana akipungua anapongezwa kabla hajaulizwa kama ana afya. Jumamosi moja kabla ya harusi walikuwa na sherehe yao ya wasichana. Aliniandikia akilalamika kwamba atakaa na glasi ya maji usiku mzima wenzake wakifurahi. Mimi ndiye niliyemtumia ile video. "Cheki hii," niliandika. "Jini na maji ya gesi. Zero sukari. Hauhitaji kuacha sherehe." Nikaweka na kale kaemoji ka kucheza.

Saa sita usiku shangazi alinipigia simu. Walikuwa wamempata kwenye ngazi za ploti, amekaa, ameegemea ukuta, jasho limemlowesha, anaongea maneno yasiyoshikana. Wenzake walisema ameshikwa tu, apelekwe ndani alale. Ni jirani, mama mwenye kisukari, aliyemgusa shingo akasema, "Huyu si mlevi tu. Huyu anaishiwa sukari." Walimpakia kwenye boda katikati ya watu wawili. Hospitalini nesi alimtoboa kidole, na mashine ikasoma 2.1. Kawaida, nilielezwa, huwa nne kwenda juu.

"Alikula nini mara ya mwisho?" nesi akauliza.

Shangazi akanitazama mimi. Nilijua jibu kwa sababu binamu alikuwa ameniambia kwa fahari. Ndizi moja, Alhamisi jioni.

Walimwekea dripu ya sukari, na baada ya muda akafungua macho na kuuliza viatu vyake viko wapi. Shangazi hakunigombeza. Aliniambia tu, "Na wewe, kijana, umesoma." Afadhali angenipiga kofi.

Kilichompata hakihitaji ulevi wa kupindukia. Ini lako hutunza akiba ya sukari kwa ajili ya saa ambazo hujala. Ukifunga siku mbili, akiba inaisha, na ini linabaki na kazi ya kutengeneza sukari mpya. Kilevi kikiingia wakati huo kinalizuia kufanya kazi hiyo, kwa sababu ini linaanza kushughulikia kilevi kwanza. Sukari ya damu inashuka na hakuna wa kuipandisha. Kibaya zaidi, dalili zake zinafanana na ulevi: kutetemeka, kuongea ovyo, jasho, usingizi. Kwa hiyo marafiki wanacheka na kukufunika blanketi. Na chakula tumboni ndicho kinachochelewesha kilevi kuingia kwenye damu. Bila chakula kinaingia mbio. Kwa mwanamke mbio hizo ni kali zaidi, maana mwili wake kwa kawaida una maji machache ya kukichuja kilevi, na glasi ileile inampanda zaidi kuliko inavyompanda mwanamume wa uzito wake.

Wasichana wangapi hapa mtaani wanaruka ugali siku ya Ijumaa ili "wawe na nafasi" ya pombe usiku? Waulize. Utaona wanavyocheka, kisha wanavyotulia. Huo ndio mwisho wa hesabu ya kalori ukiifuata kwa uaminifu. Kalori zinageuka bajeti, chakula na pombe vinagombania bajeti moja, na chakula kinashindwa. Mwili hauendeshi duka. Haukubali kubadilishana githeri na jini kwa kuwa namba zimelingana.

Na vuka barabara uone upande wa pili. Kwa keg, saa kumi na moja na nusu jioni, kuna mtu wa mjengo aliyebeba mawe tangu asubuhi. Amekunywa chai na mandazi saa tatu, na hiyo jagi iliyo mbele yake ndiyo chakula chake cha jioni. Yeye hakimbii kalori, anazitafuta. Mia aliyobaki nayo inaweza kununua pombe au chakula, na pombe inamsahaulisha mgongo. Mimi na binamu yangu na huyo bwana tuko umbali wa dakika kumi kwa miguu, na Lavington iko nusu saa. Sisi tunaruka chakula ili tunywe tukiwa wembamba, yeye anaruka chakula kwa sababu hakitoshi. Nikilitazama jambo hili kutoka kwenye benchi lake, kitu ninachokiita afya ni mchezo wa mtu aliyeshiba. Lakini ini halijui mtaa uliotoka. Linapokea tumbo tupu na kilevi, basi.

Wazee wetu, kwa makosa yao yote, hawakuwahi kutenganisha pombe na chakula hivi. Busaa ya mahindi na wimbi, inayonyweka kwa mrija mrefu Kangemi hadi leo, ni nzito kama uji na inakushibisha kabla haijakumaliza. Muratina ilikuwa ya sherehe na ya wazee, kijana hakuigusa. Sisemi turudi huko. Najua pia kilichofichwa kwenye vyungu hivyo. Nasema tu kwamba wazo la kinywaji chenye kilevi kitupu, kisicho na kingine chochote ndani, kikisifiwa kwa utupu wake, ni geni, na limetupata tukiwa hatuna kinga.

Kuna wawili watakaonijibu. Wa kwanza ni mlokole wa ploti yetu, atakayesema suluhisho ni rahisi: acha. Namheshimu, na sayansi iko upande wake kuliko anavyojua. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Shirika la utafiti wa saratani la kimataifa liliiweka pombe kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani tangu 1988. Na angalia: saratani inaletwa na kilevi. Haiulizi kama chupa ilikuwa lite. Ukiweza kuacha, acha, na usimwachie mtu kama mimi akutumie video. Lakini wengi hawataacha wiki hii, na mtu ambaye hataacha bado ana haki ya kupewa hesabu ya kweli.

Wa pili ni rafiki yangu wa lite, atakayesema, "Buda, wacha watu. Si angalau nimepunguza kitu?" Ndiyo, kama umepunguza. Kama ulikuwa ukinywa kubwa tatu na sasa unanywa ndogo tatu, umepunguza kilevi na kalori kwa pamoja, nami nakupa mkono. Ila ujue kilichokusaidia ni udogo wa chupa na kwamba ulisimama kwenye tatu. Neno lililo kwenye lebo halikufanya lolote. Siku utakaposahau kuhesabu chupa kwa sababu neno hilo limekutuliza, limeanza kukudhuru.

Ninachotaka, basi, si kikubwa. Sheria ya vileo ya 2010, ile tunayoiita ya Mututho, ilishalazimisha chupa kubeba onyo la afya. Iongezwe mstari mmoja: chupa hii ina gramu kadhaa za kilevi, kwa Kiswahili, kwa herufi ninazoweza kusoma kwenye mwanga wa baa. Asilimia peke yake hainisaidii. Asilimia 40 ya nini? Ayalandi ilipitisha kanuni mwaka 2023 za kuweka gramu za kilevi na kalori pamoja kwenye lebo, na ingawa utekelezaji umesukumwa hadi 2028, angalau wameandika. Kalori zikiandikwa, ziandikwe kando ya gramu, ili anayekimbia moja aione nyingine.

Kwenye ushuru, wasitupandishie tu pombe kali na kwenda nyumbani. Tumeshaona mtu anakokwenda kinywaji halali kikimshinda bei. Wageuze ngazi. Kilevi kikiwa hafifu, kila sentilita ilipiwe kidogo. Kikiwa kikali, ilipiwe zaidi. Leo ngazi imesimama kichwa chini, na kila mwenye mia tatu anaipanda kuelekea kota.

Na sisi wenyewe tuache kupongezana kwa upuuzi. Mtu akisema yuko kwa daiti na ameshika chupa ya nne, asichekewe. Msichana akisema hajala tangu jana ili gauni limwingie, hiyo si stori ya kusifiwa, hiyo ni simu ya kupigia mtu. Kula kwanza. Hesabu chupa, na uhesabu ukijua kila moja ina kilevi kiasi gani. Ukimwona mwenzako anatetemeka na jasho jingi, usimfunike blanketi na kumwacha, mpeleke hospitali. Kitambi ni kitu kidogo. Nimekizoea changu, tunaishi vizuri.

Binamu yangu alivaa lile gauni. Fundi alilifungua kiunoni sentimita tatu, kazi ya dakika ishirini ambayo hakuna aliyeifikiria mwanzoni. Siku hizi hanywi, na hajanilaumu hata mara moja, jambo ambalo ni gumu kulibeba. Ila kila Ijumaa ikifika saa mbili usiku simu yangu inalia, na huwa najua ni nani.

"Umekula?"

"Githeri, na parachichi."

"Ngapi?"

Natoa vizibo mfukoni, navipanga mezani mbele ya watu wote, na kumjibu ukweli.